Cha juu kwa mkataba: je, unaweza kuuza kiwanja usichokimiliki hapa Mtwara?

Mwanzoni mwa masika kijana mmoja aliingia stesheneri kwangu, hapa Mtwara mjini, akaomba nimchapie hati ya mauziano ya kiwanja kilichoko Mangamba. Jina la muuzaji alikuwa nalo, vipimo alikuwa navyo, na bei pia: milioni 6. Nilipofika kwenye jina la mnunuzi akanizuia.

"Hapo weka vidoti tu, mzee wangu. Jina nitajaza mwenyewe baadaye."

Nikamuuliza kama muuzaji ana habari. Akasema muuzaji ni bibi mmoja mjane, anachotaka ni milioni 6 zake mkononi, mengine hayamhusu. Kisha akatoa simu, akanionyesha video. Jamaa amekaa ndani ya gari, anaeleza kwa Kiswahili fasaha jinsi vijana wa Marekani wanavyouza nyumba ambazo si zao, bila mtaji, na kulipwa maelfu ya dola kwa dili moja. "Hii inaitwa holiseli," kijana akaniambia. "Huku kwetu haijafika bado. Atakayeanza ndiye atakayekula."

Sikumchapia. Lakini tangu siku hiyo nimeulizwa jambo hilohilo na wengine kadhaa: bodaboda wawili wanaoegesha nje ya duka, mwalimu wa sekondari kutoka Tandahimba, na binti aliyemaliza chuo ambaye baba yake ana mashamba Mtama. Kila mmoja ameshika kipande chake cha habari, na vipande havishikani. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kuchapa karatasi za mauziano, na nimeona zipi husimama na zipi huanguka. Kwa hiyo nimeona nilieleze jambo lote kuanzia chini.

Kinachouzwa ni nini hasa

Neno lenyewe linapotosha. Holiseli tumeizoea kwenye duka la jumla: unanunua katoni, unauza kipande kimoja kimoja. Kwenye nyumba na ardhi hakuna katoni. Mtu anatafuta mwenye nyumba anayetaka kuuza haraka, wanakubaliana bei, wanasaini mkataba unaompa huyo mtu haki ya kununua ndani ya muda fulani, tuseme siku 30 au 60. Kabla siku hazijaisha anamtafuta mnunuzi mwenye fedha tayari, anamwachia nafasi yake kwenye mkataba, na analipwa kwa kuiachia. Nyumba inatoka kwa mwenyewe kwenda kwa mnunuzi moja kwa moja. Mtu wa katikati hakuimiliki hata siku moja.

Chukua mfano wa cherehani. Umeiona dukani kwa shilingi 200,000. Unaweka arbuni ya 20,000, mwenye duka anakupa risiti: ndani ya wiki tatu umalizie 180,000 uchukue mali. Jirani yako fundi anaitaka cherehani hiyohiyo na yuko radhi kutoa 250,000. Unampa risiti, anakupa 70,000, anakwenda dukani kumalizia ile 180,000. Umerudisha arbuni yako na 50,000 juu yake, na cherehani hujaigusa. Ulichouza ni ile risiti.

Sasa angalia sharti lililojificha humo. Biashara hiyo inawezekana tu ikiwa mwenye duka yuko tayari kumpa cherehani yeyote anayekuja na risiti. Ikiwa risiti imeandikwa kwamba ni ya fulani peke yake, au ikiwa kuna mtu wa tatu ambaye lazima aidhinishe kila mnunuzi, risiti yako haina soko. Shikilia hapo, maana ugumu wa ardhi ya huku Kusini uko hapohapo.

Tutofautishe pia watu watatu ambao mtaani tunawaita wote madalali. Dalali wa kweli anamfanyia kazi mwenye mali, bei inajulikana na pande zote, naye analipwa asilimia waliyopatana. Mpiga cha juu anamwambia muuzaji milioni 6, anamwambia mnunuzi milioni 9, anahakikisha hao wawili hawakutani, na ile tatu inaingia mfukoni mwake. Mtu wa holiseli ni wa namna nyingine: yeye mwenyewe ni upande mmoja wa mkataba. Amejifunga kununua, na kwa mkataba huo ana kitu chake mkononi anachoweza kukiuza. Mkanganyiko mwingi ninaousikia unatokana na mtu mmoja kutaka kuwa wote watatu: aaminiwe kama dalali, apate faida ya mpiga cha juu, na ajiite mfanyabiashara wa holiseli.

Kwa nini kwao inakwenda

Marekani mambo haya yana kitanda cha kulalia. Umiliki wa nyumba umesajiliwa na unaweza kukaguliwa. Bei ambazo nyumba za jirani ziliuzwa zinaonekana katika majimbo mengi. Fedha za mauzo hushikwa na kampuni au wakili asiye upande wowote mpaka karatasi zikamilike. Na kuna wanunuzi wanaoishi kwa kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza.

Kwa ajili ya hao wanunuzi ndiyo maana utasikia kanuni ya asilimia 70. Nyumba ikikarabatiwa itauzika dola 200,000. Chukua asilimia 70 yake, ni 140,000. Toa gharama ya ukarabati, tuseme 40,000, zinabaki 100,000. Toa faida unayotaka wewe wa katikati, 10,000. Basi usimwahidi mwenye nyumba zaidi ya dola 90,000. Nimeona kijana wa Lindi akijaribu kanuni hiyo kwenye kiwanja kitupu cha Mitwero. Haiwezi kufanya kazi. Kiwanja kitupu hakina ukarabati, na hiyo "bei itakayouzika" hapa hatuna mahali pa kuisoma. Tunayoisikia ni bei ya kutangaza, na kati ya bei ya kutangaza na bei iliyolipwa kweli panaweza kupita lori.

Tena huko kwenyewe milango imeanza kubanwa. Jimbo la Illinois lilirekebisha sheria yake mwaka 2019, ukifanya zaidi ya dili moja ndani ya miezi 12 unatakiwa uwe na leseni ya udalali. Oklahoma ikafuata mwaka 2021 kwa sheria ya kuwalinda wauzaji dhidi ya holiseli ya kinyonyaji. South Carolina mwaka 2024 ikazuia karibu kabisa mtindo wa kutangaza nyumba ambayo una mkataba nayo tu. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni hii: wazee na watu wenye shida walikuwa wanasaini bila kujua thamani ya walichonacho. Hilo video haikulisema.

Ardhi yetu ina mwenyewe mwingine

Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachomiliki wewe na mimi ni haki ya kuitumia, na hiyo ndiyo tunayouziana. Sheria mbili za mwaka 1999 zimegawa kazi: Sheria ya Ardhi Namba 4 inashughulikia zaidi mijini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 inashughulikia vijiji. Anayeanza biashara hii akikosea kujua eneo liko chini ya sheria ipi, amekosea kila kitu kinachofuata.

Mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa, kuna bikoni, yale mawe ya mpaka, kuna namba ya kiwanja na kitalu, kuna hati au walau barua ya toleo, ile tunayoiita ofa. Hapa mkataba wa kununua baadaye unawezekana. Sheria ya Ardhi inataka tu makubaliano ya kuuza yawe kwa maandishi na yasainiwe, la sivyo huwezi kuyadai mahakamani. Uhamisho wenyewe unapitia ofisi ya ardhi, kwa jina la mnunuzi halisi.

Mtaani kusikopimwa, karatasi ni ile hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, majirani na mjumbe. Ina uzito wake kama ushahidi wa nani alimuuzia nani. Lakini watu wengi wanaamini muhuri wa mwenyekiti unageuza karatasi kuwa hati miliki. Haugeuzi. Mwenyekiti anashuhudia, hagawi umiliki. Nimepata mteja mwenye karatasi nne za kiwanja kimoja, zote zina muhuri, na wauzaji ni watu wanne tofauti.

Kijijini ndiko holiseli ya kwenye video inakofia. Ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji, nayo inawajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwanakijiji mwenye hakimiliki ya kimila anaweza kuihamisha, lakini halmashauri lazima iidhinishe, na inaidhinisha mtu mwenye jina: ni nani, ametoka wapi, anataka kufanya nini hapo. Mtu asiye wa kijiji anaomba, hajitokezi tu na risiti. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Kwa hiyo ukija Msijute au Nanyamba na mkataba wenye vidoti, ukamuuzia vidoti hivyo mtu wa Dar es Salaam kwa milioni 15, umemuuzia hewa. Na atakuja kukutafuta wewe, maana ndiye aliyempa hela.

Mgeni asiye raia ndiyo kabisa. Hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Wanaokuja kutafuta fukwe Msanga Mkuu au Mikindani wakiwa na dola, usiwaandikie hati ya mauziano ya kawaida. Na ufukwe una jambo lake jingine: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kiwanja cha ufukweni chenye urefu wa mita 70 kinaweza kuwa na mita 10 tu za kujengea. Pima kwa kamba kabla hujataja bei.

Mjomba, mikorosho na jina la marehemu

Sasa nifike kwenye mambo ambayo hakuna video ya Marekani itakayokufundisha, na ndiyo yanayoangusha dili nyingi za Mtwara na Lindi.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili tunafuata ukoo wa mama. Mila imelegea mijini, lakini kwenye mashamba ya zamani bado ipo. Baba wa familia anaweza kuwa amelima eneo kwa miaka 30 na bado likawa la upande wa mke wake. Watoto wanaweza kukuonyesha mipaka yote na bado wakawa hawana neno la mwisho, neno hilo analo mjomba wao aliyeko Newala. Ukiona kwenye kikao kuna baba, mama na watoto, na hakuna mjomba, uliza kwa adabu: "Mjomba yuko wapi?" Swali hilo moja limeokoa fedha za watu wengi mbele ya macho yangu.

Kisha mikorosho. Shamba linaweza kuwa la mtu huyu na mavuno ya misimu miwili ijayo yakawa ya mwingine, kwa sababu mwenye shamba aliikodisha mikorosho au aliiweka rehani alipopata shida. Ukinunua shamba mwezi wa sita, mwezi wa kumi utamkuta mtu anaokota korosho chini ya miti yako na karatasi mkononi. Anayo haki yake. Uliza, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Nyumba ya familia nayo ina mlinzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwenza mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Mimi sichapi hati ya nyumba kama hakuna nafasi ya sahihi ya mke au mume, na mteja akinung'unika ndipo ninapojua pana jambo.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililokuwa limejificha kwenye karatasi ya yule kijana. Nilipomwomba anionyeshe ofa ya kiwanja cha Mangamba, akaitoa ndani ya mfuko wa rambo, imekunjwa mara nne, pembe zimeliwa na mchwa. Jina lililoandikwa halikuwa la bibi. Lilikuwa la marehemu mumewe.

Bibi hakuwa na uwezo wa kuuza. Hakuwa anadanganya, kiwanja walikihangaikia pamoja, alikuwa anaamini ni chake. Lakini mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, sahihi yake pale chini haina nguvu. Kijana alikuwa ametembea kwa wiki tatu na mpango wa kununua kitu kutoka kwa mtu asiyeweza kukiuza, na alikuwa amekwisha kupokea arbuni ya 300,000 kutoka kwa mtu wa tatu.

Tumeshaiona biashara hii, ilikuwa ya korosho

Kila mtu wa Kusini anajua kangomba. Mkulima ana shida mwezi wa saba, mtoto anaumwa au nyumba imevuja, korosho bado ziko mtini. Anakuja mtu na hela taslimu, anazinunua kwa kipimo chake, nje ya chama cha msingi cha ushirika, kwa bei ya kutupa. Mnada ukifika, faida ni ya yule mwenye hela. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa mwaka 2007 kwa sehemu kubwa ili mkulima auze kwa bei inayoonekana, na kangomba imepigwa vita miaka yote.

Nimefikiri sana kuhusu hili, na ninasema ninavyoamini: holiseli inayotegemea muuzaji asijue bei ni kangomba ya ardhi. Tena ni mbaya zaidi, maana mkorosho utazaa tena mwakani. Wanaofundisha biashara hii wanakwambia wazi umtafute "muuzaji mwenye msukumo", yaani aliyebanwa na shida. Kwa huku msukumo una majira yake. Ni Januari na Februari, hela ya korosho imekwisha, mahindi bado shambani, shule zimefunguliwa. Wanaoingia dukani kwangu na karatasi za kuuza miezi hiyo wengi ni wanawake wajane na wazee. Wanaomba nichape haraka.

Na sheria haiko upande wa mjanja kama anavyodhani. Ukijitambulisha kwa bibi kama dalali wake, wewe ni wakala wake. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wakala anayefanya biashara yake ya siri ndani ya kazi aliyotumwa anaweza kudaiwa na aliyemtuma faida yote aliyoipata. Ile milioni 3 ya cha juu, bibi akijua na akapata mtu wa kumsaidia, inaweza kudaiwa na kurudi kwake.

Je, mtu wa katikati hana haki ya kupata chake? Anayo, na ni kubwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam hajui Mangamba wala Chuno. Bibi hajui kwenda ofisi ya ardhi. Mtu anayekagua mipaka, anayefanya upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi, anayemleta mjomba kutoka Newala, anayefuatilia mirathi mpaka mwisho, anafanya kazi ya kulipwa. Mlipaji na ajue analipa nini.

Anayetaka kuanza kweli

Wengi wanauliza kuhusu mtaji. "Bila mtaji" ni kweli nusu. Hununui ardhi, lakini nauli, ada ya upekuzi, mpima wa kuhakiki bikoni na wakili wa kusoma mkataba vinalipwa na wewe kabla hujaona senti. Kama huna hata laki tatu za kupotea, anza kwa kumfuata dalali mzoefu na mwaminifu ujifunze miguuni pake.

Chagua mitaa miwili tu, uijue kuliko mwenyekiti wake. Mimi ningechagua eneo linalopimwa sasa, kwa sababu karatasi zake zinaeleweka. Nunua daftari. Kila kiwanja kinachouzwa, andika bei iliyotangazwa, kisha baada ya mauzo tafuta bei iliyolipwa. Muulize muuzaji, muulize mnunuzi, muulize shahidi. Baada ya miezi sita utakuwa na kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu yeyote, na hapo ndipo utaweza kumwambia bibi kwa haki: kiwanja chako kinafaa milioni 8 hadi 9, usikubali 6.

Rasimisha kazi yako. Chukua namba ya mlipakodi, nenda halmashauri kaulize leseni ya biashara ya udalali. Tangu Julai 2025 udalali wa nyumba na ardhi ni miongoni mwa biashara walizoachiwa raia peke yao, kwa hiyo nafasi hiyo ni yako, usiiharibu kwa kuwa kishoka. Ukidaiwa hela yoyote kwenye ofisi yoyote, omba stakabadhi.

Kisha chagua mkataba wa namna mbili. Wa kwanza ni wa udalali: mwenye mali, bei ya chini anayoikubali, asilimia yako, muda wako. Mtaani utasikia kati ya asilimia 5 na 10, lakini patana, usikariri. Wa pili ndio unaokaribia holiseli, na ni kwa kiwanja kilichopimwa chenye karatasi safi: unapata haki ya kununua kwa bei fulani ndani ya siku 60, unaweka fedha kidogo ambayo bibi anaibakiza usipotimiza, na sentensi moja inaandikwa kwa herufi zinazosomeka: "Muuzaji anaelewa kuwa mnunuzi huyu anaweza kumwachia mtu mwingine haki hii kwa faida yake mwenyewe." Akiielewa sentensi hiyo na bado akasaini, hujamnyang'anya. Ukiona aibu kumsomea, basi umejua hali ya dili lako.

Hesabu kodi mapema. Muuzaji mkazi kwa kawaida anatozwa asilimia 10 ya ongezeko la thamani, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye uhamisho. Ukiamua kununua kweli kisha kuuza, gharama hizi zinakupitia mara mbili, na faida ya laki saba inaweza kuyeyuka yote. Fedha zipite benki au kwa wakili anayezishika mpaka sahihi zikamilike. Usipokee arbuni ya mnunuzi kwenye simu yako kabla upekuzi haujarudi, kama alivyofanya yule kijana.

Na usiuze habari za gesi. Nimeishi hapa na nilikuwepo mwaka 2012 na 2013, wakati kila kichaka kutoka Mikindani hadi Msimbati kilikuwa na mteja. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, wageni wakaondoka, nyumba za kupangisha Shangani zikabaki na makufuli, na watu waliokopa kununua viwanja wakaviuza kwa hasara. Lindi nao wamesubiri mradi wa kiwanda cha gesi wa Likong'o kwa zaidi ya miaka kumi, na kila kauli ya serikali ikitoka, bei za viwanja vya jirani zinapanda kwa mwezi mmoja. Hata babu zetu waliambiwa na Waingereza kwamba mashamba makubwa ya karanga yataujenga mkoa huu, mwaka 1947. Bandari ya mradi huo tunayo, reli yake iling'olewa. Eneo lipewe bei ya leo: barabara ipo, maji yapo, umeme uko nguzo ngapi.

Yule kijana alirudisha ile laki tatu, nilimsihi sana afanye hivyo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akarudi kwa bibi. Wakaitisha kikao cha familia, nikawachapia muhtasari, mjomba akasaini kwa mkono unaotetemeka. Wakafuata cheti cha kifo, wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, kijana akawa anamsindikiza bibi kwa bodaboda kila tarehe waliyopangiwa. Ilichukua miezi.

Kiwanja kiliuzwa milioni 8 na nusu kwa muuguzi anayehamia kutoka Masasi. Udalali ulikuwa asilimia 10, yaani 850,000, na umeandikwa ndani ya hati. Bibi alibaki na 7,650,000 kabla ya kodi. Kijana alipata chini ya theluthi ya alichokuwa amepanga kupata, na hilo lilimuuma, aliniambia.

Siku ya kusaini wote walikuwepo dukani kwangu, viti havikutosha. Niliwasomea hati kwa sauti kuanzia juu. Nilipofika kwenye bei, bibi akainua mkono.

"Hapo mwanangu, rudia."

Nikarudia. Akageuka akamtazama muuguzi, akamtazama kijana, kisha akasogeza kidau cha wino karibu na kidole chake.